Shajara ya mradi: gitaa zito la James Brown

11 Januari

Nauandika mpango kabla haujapotelea kwenye maongezi. Nataka kurekodi upya mistari ya besi, yaani gitaa zito, ya nyimbo za James Brown, mwimbaji wa soul na fanki wa Marekani, kwa kufuata miaka, kuanzia 1967 hadi 1973, kila mstari ukienda na jina la mtu aliyeupiga. Besi napiga mwenyewe. Dramu anapiga dogo mmoja ambaye bendi yetu ilimchukua mwaka jana, ana mkono mwepesi na hachoki haraka. Kazi ikiiva itaingia kwenye darasa la Jumamosi pale Sinza, kwa vijana wanaojifunza gitaa zito.

Kilichonisukuma ni jambo linalojirudia darasani. Ukiuliza nani alipiga nini kwa James Brown, majina yanamiminika: Maceo Parker kwenye saksafoni, Fred Wesley kwenye tromboni, Jimmy Nolen na lile gitaa lake la kukwaruza, Clyde Stubblefield na Jabo Starks kwenye dramu. Ukifika kwenye besi unajibiwa Bootsy Collins, halafu basi. Bootsy alikaa na Brown kama mwaka mmoja tu, toka Machi 1970 mpaka mwanzoni mwa 1971. Brown alitoa santuri yake ya kwanza 1956, na mpaka anafariki Desemba 2006 alikuwa bado anapanda jukwaani. Miaka mingine yote hiyo besi haikuwa ikijipiga yenyewe.

Orodha nimeikata ibaki na watu watano: Bernard Odum, Tim Drummond, Charles Sherrell, Bootsy mwenyewe na Fred Thomas. Wapo wengine waliopita, lakini ukiwapanga hawa watano unasikia wazi jinsi muziki unavyogeuka kila gitaa linapohamia mkono mwingine. Nataka vijana walisikie hilo kwa masikio yao, wasiambiwe tu na mimi.

14 Januari

Siku imeishia kwenye hedifoni. Nimejaribu programu ya kutenganisha sauti: unaiwekea wimbo, inakutolea mwimbaji peke yake, dramu peke yake, besi peke yake. Kwa nyimbo za siku hizi inafanya kazi vizuri. Kwa rekodi ya 1967 inahangaika. Bendi nzima ilipiga chumba kimoja kwa wakati mmoja, sauti ya besi ikaingia kwenye maikrofoni ya dramu na ya dramu ikaingia kwenye ya besi, na dramu la mguuni linakaa palepale chini ambapo besi nayo inakaa. Programu haijui pa kukata.

Kilichosaidia ni mbinu ya zamani ya kupandisha wimbo mzima oktavo moja, yaani noti zilezile lakini kwa sauti ya juu zaidi. Brown anageuka katuni, lakini besi inapanda mpaka mahali ambapo sikio linazitambua noti. Naandika kwa penseli, narudisha wimbo chini, napiga juu yake. Nikisikia noti yangu na yake zimekuwa kitu kimoja, naenda mbele.

Nikiwa hapo nimepata somo la kwanza la darasa, na halihusu vidole kabisa. Linahusu kwa nini watu hawa hawakusikika. Wimbo wa miaka ya 1960 uliishi kwenye redio, na redio ya wengi ilikuwa ile ndogo ya transista yenye spika ya ukubwa wa kiganja. Spika ya namna hiyo haiwezi kutoa noti ya chini. Unachopata ni kivuli cha noti, zile sauti za juu zinazoambatana nayo. Santuri nayo ina masharti yake. Sauti nzito huiyumbisha sindano kwenda pembeni sana, kwa hiyo fundi anayechonga santuri hulazimika kuipunguza besi, kisha mashine ya kupigia huirudisha. Besi kubwa inakula nafasi ya mifereji, na nafasi ndiyo dakika. Nyimbo ndefu za Brown zilikuwa tayari zinakatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande mmoja na ya pili upande wa pili. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kugawa bure.

Tena lebo, ile karatasi ya katikati ya santuri. Santuri ndogo ya King Records, kampuni iliyomtoa Brown, ilikuwa na jina la Brown, jina la wimbo na la mtunzi. Wapigaji hawakuwemo. Majina yalianza kutufikia vizuri baadaye sana, kwenye vijitabu vya mikusanyiko kama Star Time ya 1991, CD nne zenye maelezo ya nani alikuwepo studio siku gani. Yaani mtu ameucheza wimbo miaka ishirini na ushei, ameoa nao, amezaa nao, hajui nani alikuwa anamchezesha kiuno.

19 Januari

Bernard Odum. Mtu wa Mobile, Alabama, aliyekuwa na Brown toka miaka ya 1950 hadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwake nimechagua Cold Sweat, iliyorekodiwa Cincinnati Mei 1967, Clyde Stubblefield akiwa kwenye dramu.

Hapa nimekaa sana na sijutii. Pee Wee Ellis, aliyekuwa kiongozi wa bendi, amesimulia jinsi wimbo ulivyozaliwa: Brown alimwita chumba cha kubadilishia nguo baada ya onyesho, akamgunia mdundo. Hakumwimbia, alimgunia tu, na kilichogunwa kilikuwa mstari wa besi. Ellis akaenda nao kwenye basi la bendi, akaandika yale ya tarumbeta na saksafoni njiani, huku kichwani kwake mna Miles Davis, yule mpiga tarumbeta wa jazi. Kwa hiyo wimbo ambao wengi wanauhesabu kuwa mlango wa fanki ulianza na besi, na vingine vyote vikaja kuizunguka. Kwenye haki za utunzi kuna majina mawili, Brown na Ellis. Odum aliyeubeba huo mguno akaufanya noti hayumo.

Kiufundi, angalieni anachonyang'anywa. Kwenye bluzi au rumba, kodi, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, zinakuambia uende wapi. Unaona F inakuja, unaiandalia njia. Kwenye Cold Sweat ubeti mzima umesimama mahali pamoja, kwenye D, mpaka pale katikati bendi inapohamia C. Hakuna njia ya kuandaa. Kilichobaki mkononi mwa mpiga besi ni wakati tu: noti iangukie wapi, ikae kwa muda gani, ikatwe lini. Odum anacheza na ukataji. Noti zake ni fupi, zina mwisho unaosikika, na mwisho wa noti unaangukia penye mdundo kama vile mwanzo wake.

Ndiyo maana kurekodi kwake kumenisumbua kuliko kuandika. Mkono wangu umelelewa na muziki wa dansi, umezoea kuachia noti ipumue mpaka inayofuata ije kuipokea. Nimemwomba dogo apige polepole, nikawa nazima kila noti kwa kidole cha mkono wa kushoto, kukilegeza bila kukiondoa kwenye uzi. Tukapandisha kasi kidogo kidogo. Jioni umeme ulikuwa umekatika na tulikuwa tunapiga bila amplifaya, dogo akitumia mapaja yake, na nadhani hapo ndipo tulipiga vizuri zaidi. Kilichorekodiwa siku iliyofuata kinatosha.

22 Januari

Tim Drummond. Nitapita haraka kwa sababu kazi yake kwa Brown ilikuwa fupi, ingawa habari yake ni nzuri. Mzungu, kutoka kwenye kundi la Cincinnati lililoitwa The Dapps, ambalo Brown alilitumia studio 1967. Licking Stick ya 1968 ni besi yake. Mwaka huohuo Brown alipokwenda Vietnam kuwapigia askari alilazimika kuchukua bendi ndogo sana, na Drummond alikuwa mmoja wa hao wachache. Baadaye alikuja kupiga na Neil Young na Bob Dylan, kwa hiyo wapenzi wa muziki ule wanamjua, ila hawajui alipotoka.

Nimerekodi Licking Stick kwa mchana mmoja. Besi ni mbichi, inarudi nyumbani kila mara, na inakaa nyuma kidogo ya mdundo. Dogo ameipenda kuliko ya Odum. Mimi hapana.

28 Januari

Leo nimekwenda Magomeni kwa Mzee mmoja aliyepiga besi kwenye bendi za vijana za Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kabla hajaingia kwenye dansi kubwa. Nilitaka anisaidie kumwelewa Charles Sherrell, kwa sababu Sherrell ndiye aliyekuwa masikioni mwao wakati ule.

“Shikamoo Mzee.”

“Marahaba mwanangu. Umekuja na gitaa au umekuja na maswali?”

Nilikuja na vyote. Nikamwekea Say It Loud, ile ya Agosti 1968 yenye kiitikio cha watoto, kazi ya kwanza ya Sherrell kwa Brown. Mzee akainamisha kichwa kuelekea spika, akanyoosha kidole, na kila besi ilipogusa mwanzo wa duru akawa anagonga mkono wa kiti. Hakugonga kingine chochote. Mapigo mengine matatu aliyaacha yapite.

“Sisi tulijifunzia hapa,” akasema. “Jina hatulijui. Tulikuwa tunasema tu, piga kama yule wa James Brown.”

Kisha akanikumbusha habari ambayo vijana wangu hawaijui kabisa. Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Ulikuwa mwaka wa Operesheni Vijana, wa kukimbizana na sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na soul ikaingizwa kwenye fungu hilohilo la mambo ya kigeni yanayoharibu vijana. Mzee anasema bendi yao haikuacha, ila ilibadilisha maelezo: ukiulizwa, unapiga chakacha ya kisasa. Alicheka mpaka akakohoa.

Nimeangalia tarehe niliporudi nyumbani. Funky Drummer ilirekodiwa Cincinnati tarehe 20 Novemba 1969. Mwezi uleule ambao huku watu wanakatazwa, kule Sherrell na Clyde Stubblefield wanaweka kwenye kanda kitu ambacho dunia ingekuja kukikatakata kwa miongo.

2 Februari

Bado niko kwa Sherrell, na sitatoka mapema. Mtu wa Nashville, jina la jukwaani Sweet Charles. Alikuwa akiimba na kupapasa kinanda pia, na 1974 alitoa albamu yake mwenyewe kupitia lebo ya Brown, People. Alifariki 2023. Enzi zake ndizo za Mother Popcorn na za The Chicken, kile kipande kilichowekwa nyuma ya santuri ya The Popcorn mwaka 1969. Kila mwanafunzi wangu anakijua The Chicken kama mali ya Jaco Pastorius, mpiga besi wa jazi. Wakisikia kilitungwa na Pee Wee Ellis kwa ajili ya bendi ya Brown wanadhani nawatania.

Lakini wimbo niliouchagua ni Funky Drummer wenyewe, ule mrefu wa dakika tisa uliotoka kwenye In the Jungle Groove mwaka 1986. Sababu ni ya makusudi: huo ni wimbo wa mpiga dramu hata kwa jina. Nataka darasa lifunike sikio la dramu kwa muda na kusikiliza kinachopita chini yake.

Kinachopita ni kifungu kifupi kinachorudi, kinarudi, kinarudi. Mabadiliko ni madogo kiasi kwamba ukiandika kwenye karatasi unaona umekosea kwa kunakili mstari mmoja ukurasa mzima. Ukipiga ndipo unaelewa gharama. Dakika mbili za mwanzo ni starehe. Kufika ya nne, msuli wa mkono wa kulia chini ya kiwiko unaanza kukaza, na akili inatafuta namna ya kujifurahisha: itie noti hapa, ipambe pale. Ukiitia tu, Clyde anapotea. Yale mapigo yake madogo madogo ya mkono wa kushoto, yanayosikika kama minong'ono katikati ya mapigo makubwa, yana nafasi kwa sababu besi imekubali kukaa pembeni yake. Nilimwambia dogo apige Clyde, nikapiga mara moja kwa Sherrell na mara moja kwa tamaa yangu mwenyewe, tukarekodi zote mbili. Kwenye ya pili dramu inasikika ya kawaida kabisa, mtu yuleyule, chumba kilekile. Hizo rekodi mbili nitaziweka pamoja darasani bila kusema neno.

Halafu inafika ile sehemu maarufu. Brown anawaambia bendi wanyamaze wamwachie mpiga dramu, akihesabu warudi. Mapigo yale ya Clyde peke yake ndiyo yaliyokatwa na watu wa hip hop toka miaka ya 1980 na kutiwa kwenye nyimbo zisizohesabika. Yalipendwa kwa sababu ya ladha, lakini pia kwa sababu ya wepesi wa kazi: penye dramu tupu hakuna ufunguo, unaweza kuyaweka chini ya wimbo wowote bila kugombana na noti. Penye besi usingeweza. Kwa hiyo dakika pekee ya wimbo iliyozunguka dunia ni ile ambayo Sherrell alikuwa ameshika nyuzi zisilie. Clyde alipata jina, fedha hakupata. Sherrell hakupata hata jina.

Kurudi baada ya kile kimya ndiyo sehemu niliyoifanyia mazoezi kuliko zote. Bendi nzima inaingia kwenye mpigo wa kwanza baada ya hesabu, na besi ikichelewa kidogo tu, mlango unafunguka vibaya.

9 Februari

Bootsy. Hapa kazi ya vidole imekwenda haraka kwa sababu nusu ya darasa tayari wanaujua Sex Machine, kwa hiyo nimetumia muda kwenye habari.

Machi 1970, Columbus, Georgia. Bendi ya Brown imechoka na malipo na faini, maana Brown alikuwa akitoza faini kwa noti iliyokosewa na kwa kiatu kisichong'aa, akiwaonyesha vidole vyake katikati ya wimbo, kila vidole vitano dola tano zaidi. Wakagoma. Bobby Byrd, mwimbaji mwenzake Brown, akapiga simu Cincinnati kwa vijana waliokuwa wakishinda kwenye studio za King, ndege ya Brown ikawachukua, na jioni hiyohiyo William Collins wa miaka 18 akajikuta jukwaani na kaka yake Phelps, aliyeitwa Catfish, akiwa kwenye gitaa. Besi yake ya kwanza Bootsy ameisimulia mara nyingi: gitaa la kawaida la Silvertone la dola 29, akalivua nyuzi na kulitia nyuzi nne za besi.

Sex Machine ilirekodiwa Nashville mwezi uliofuata, Aprili 1970. Sikiliza Sherrell halafu sikiliza hii. Sherrell anakaa, Bootsy anatembea. Anajaza, anaruka oktavo, anajibizana na gitaa la kaka yake, kina tarumbeta wamebaki na kazi ndogo. Na bado wimbo hauanguki. Bootsy amesema siri ni fundisho alilopewa na Brown: nipe Moja, yaani mpigo wa kwanza wa kila duru, halafu katikati fanya utakalo. Nimemwandikia kila mwanafunzi karatasi yenye mpigo wa kwanza tu, mapigo mengine yako wazi. Watajaza wenyewe. Atakayeikosa Moja anaanza upya, faini sitozi.

Bootsy na wenzake walikwenda na Brown mpaka Nigeria 1970 na kumwona mwanamuziki Fela Kuti kwenye klabu yake Lagos. Machi 1971 walikuwa ukumbi wa Olympia, Paris, na baada ya hapo wakaondoka. Alikwenda kwa George Clinton, kiongozi wa Parliament-Funkadelic, akavaa miwani ya nyota, akachongewa besi yenye umbo la nyota, akawa na bendi yake, Bootsy's Rubber Band. Jina tunalolijua lilijengwa kule, kisha likarudi nyuma kuufunika ule mwaka wake kwa Brown, na kwa bahati mbaya likawafunika na waliokuwa kabla yake na baada yake. Simpunguzii kitu. Ni mpigaji wa ajabu, na mwaka wake ule ni mwaka mtamu. Ila nimeamua kwenye somo apate muda sawa na Odum, usizidi.

16 Februari

Fred Thomas. Nimekuwa nikimngoja huyu toka mwanzo.

Alijiunga 1971, akitoka New York pamoja na mpiga gitaa Cheese Martin, kuziba pengo la akina Collins. Taja wimbo wa Brown wa miaka iliyofuata, uwezekano mkubwa uko kwenye vidole vyake: Hot Pants, Make It Funky, Get on the Good Foot, The Payback, Papa Don't Take No Mess. Think ya Lyn Collins, 1972, ambayo baadaye ilikatwakatwa karibu kama Funky Drummer, na yeye yumo. Akaondoka, akarudi, na mpaka Brown anafariki 2006 Thomas alikuwa bado mtu wake. Weka hiyo kando ya mwaka mmoja wa Bootsy. Mimi nikiulizwa nani mpiga besi wa James Brown, jibu langu ni hilo.

Kwa nini hajulikani? Sehemu ya jibu iko kwenye kupiga kwake. Hana kitu cha kukuonyesha. Ukimsikiliza na Jabo Starks, ni watu wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja: mchi wa huyu unapanda wakati wa yule unashuka, na mtu akitamani kuonyesha nguvu zake, wataumizana. The Payback ni hivyo mwanzo hadi mwisho. Mwendo wa taratibu, gitaa linalia juu, Brown anafoka visasi, na chini kuna mstari wenye mapengo mengi kuliko noti. Wimbo huo ulikuwa umetengenezwa kwa ajili ya filamu ya Hell Up in Harlem, watayarishaji wakaukataa. Ukawa moja ya kazi zake kubwa.

Kwa kurekodi nimechagua Doing It to Death ya 1973. Santuri ilitoka kwa jina la Fred Wesley and the J.B.'s, yaani bendi ya Brown yenyewe, ikapanda mpaka namba moja ya chati za muziki wa watu weusi Marekani, na tromboni ndiyo inayosifiwa. Bendi inaanza kwenye F. Wanakaa hapo dakika kadhaa wakijisikia raha, mpaka Brown anatangaza kwamba ili afanye anachotaka kufanya lazima ashuke mpaka D. Anawatania kidogo, anaita, na bendi nzima inahamia D bila daraja, bila kodi ya kuvukia. Tromboni inaweza kusubiri. Gitaa linaweza kuteleza. Besi haina ruhusa hiyo. Ikitua D, wimbo uko D, na ikisita, hakuna anayejua wimbo uko wapi.

Nilikuwa na swali la vidole. Nikianzia F ya chini kabisa, freti ya kwanza kwenye uzi wa E, D iliyo chini yake haipo kwenye besi ya nyuzi nne. Nitalazimika kupanda wakati mwimbaji anasema tushuke, na sikio litasikia kinyume. Nimeanzia F ya juu, freti ya tatu kwenye uzi wa D, halafu D naipata freti ya tano kwenye uzi wa A. Mkono unasogea kuelekea kwenye mwili wa gitaa lakini sauti inashuka, na kishindo chake ni kizito inavyotakiwa. Dogo aligeuza macho tulipotua. Alisema, “Kaka, hapo umenivuta.” Basi hiyo ndiyo rekodi tuliyoiweka.

23 Februari

Darasa la kwanza na kazi hii. Nimewapa kila kipande mara mbili: kwanza kwenye spika ya simu, halafu kwenye amplifaya. Kwenye simu, The Payback ilikuwa gitaa, dramu na mtu anafoka. Mmoja aliuliza kama kweli kuna besi. Nilipoiweka kwenye amplifaya hakuuliza tena, alisogeza kiti.

Zile rekodi mbili za Funky Drummer zilizua ubishi ambao sikuutarajia. Wengi walisikia tofauti lakini wakadhani dogo ndiye aliyebadilisha kupiga. Dogo alikuwepo, akaapa hakubadilisha kitu. Ikabidi tupige hapohapo mbele yao, yeye akiwa amefumba macho asione mkono wangu, na bado wawili hawajakubali. Nimewaacha na ubishi wao, waende nao nyumbani.

Kazi ya Moja imewashinda wale niliodhani wataiweza. Binti mmoja anayepiga besi kwenye kwaya kanisani, mgeni kabisa kwenye fanki, ndiye pekee aliyerudi kwenye mpigo wa kwanza kila mara, kwa sababu kwayani waimbaji wote wanamtegemea ili waingie naye. Vijana wa bendi walijaza noti tamu na kupotea ndani yake.

Kilichobaki: sauti ya Cold Sweat ina mngurumo wa umeme kwenye sekunde za mwanzo, nitairekodi tena nikipata chumba chenye waya mzuri wa ardhini. Mother Popcorn bado haijaandikwa. Mzee wa Magomeni amekubali kuja Jumamosi ijayo, ila ametoa sharti apewe gitaa lenye nyuzi nene za zamani, hizi mpya anasema zinapiga kelele. Binti wa kwaya ameomba aanze na Fred Thomas. Nimempa Doing It to Death, kuanzia pale kwenye D.